Mwanamke wa Sinema na Kauli ya Kutendwa

Wataalamu wa Kiswahili wamepata kupima mizani na vina vya tenzi, wamepata kuchambua riwaya na michezo ya kuigiza, na kwa miaka mingi wamejadiliana juu ya asili ya maneno na usanifu wake. Walakini liko fungu moja kubwa la maneno ya Kiswahili yasemwayo kila siku, na kusikiwa na watu wengi kuliko wasomao vitabu, ambalo halijapata kutazamwa kwa jicho lile lile la uchunguzi. Fungu hilo ni maneno ya sinema. Watu waliozungumza juu ya sinema wamezungumza zaidi juu ya picha, na hasa juu ya mavazi ya wanawake waonekanao katika picha hizo. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba ila kubwa ya sinema katika kumweleza mwanamke haimo katika kitambaa alichovaa, bali imo katika kitenzi alichopewa.

Mahali pa kuanzia pafaa pawe mbali na Dar es Salaam, kwa kuwa watengenezaji wa filamu huishi mjini, lakini watazamaji wao wameenea nchi nzima. Itaka ni kata ya wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe uliotengwa na mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya Wanyiha, nchi ya kahawa, mahindi na maharage. Wilaya hiyo hukatwa na barabara kuu iendayo Tunduma, mpakani mwa Zambia, na kwa njia hiyo zimefika santuri za filamu kutoka Dar es Salaam, Lagos, Bombay na Hong Kong, kabla simu za mkononi hazijaanza kuichukua kazi hiyo. Kwa mtoto wa mahali kama Itaka, Kinyiha ni lugha ya nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko, na ya sinema. Kwa hiyo maneno asikiayo katika filamu si mapambo tu kwake. Ni sehemu ya Kiswahili anachojifunza, na pamoja na Kiswahili hicho hujifunza vile vile jinsi watu wanavyotajwa na kuitwa.

Msimu wa kahawa, uanzao katikati ya mwaka, ndio msimu wa fedha. Fedha ikiwapo, vibanda vya kuonyeshea picha, vile viitwavyo vibanda umiza kwa jina ambalo lenyewe laeleza raha na taabu ya kuketi humo, hupata wateja. Nje ya kibanda huwekwa ubao na karatasi za rangi zitangazazo filamu ya leo na filamu ijayo, na katika karatasi hizo sura iliyo kubwa na yenye kung'aa kuliko zote mara nyingi ni ya mwanamke. Mchana wanawake watokao mashambani hupita mbele ya sura hiyo na vikapu vyao. Usiku waketio ndani ya kibanda aghalabu ni wanaume na vijana wa kiume. Wanawake, wakipata nafasi, huzitazama filamu na tamthilia nyumbani au kwa jirani, baada ya kazi za jioni kwisha. Hivyo sura ya mwanamke hutumiwa kuita watu mahali ambapo wanawake wenyewe hawaendi kwa wingi.

Hamu ya kungoja filamu mpya si jambo jipya, wala si la kudharauliwa. Bibi Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya majumba ya sinema ya miji ya Tanzania, ameeleza jinsi watu wa Unguja na miji ya bara walivyojaa milangoni siku za Jumapili wakitafuta tiketi, na jinsi hadithi ya filamu moja ilivyoweza kuzungumzwa mitaani kwa siku nyingi. Hamu hiyo ni namna ya kufikiri. Mtu angojaye filamu huiunga kichwani mwake kabla hajaiona, kwa kutumia maneno machache ya tangazo na picha moja au mbili. Kwa sababu hiyo tangazo lenyewe lastahili kuchunguzwa kama utanzu wa lugha. Maneno yake ni machache na yamezoeleka: inakuja, usikose, kaa tayari. Katika neno "inakuja" mtenda ni filamu yenyewe, na katika neno "usikose" mtenda ni mtazamaji. Mwanamke aliye katika picha, ambaye kwa ajili yake karatasi imechapwa, hana kitenzi chochote. Kazi yake ni kutazamwa.

Mwaka 1975 Bibi Laura Mulvey, Mwingereza, aliandika insha mashuhuri iliyodai kwamba sinema ya Marekani imegawa kazi baina ya mwanamume na mwanamke: mwanamume hutazama, na mwanamke hutazamwa. Hoja hiyo imejadiliwa sana Ulaya na Marekani, tena imepingwa na kurekebishwa. Kwa msomi wa Kiswahili ina jambo la kuvutia zaidi, kwa kuwa mgawanyo ule aliouona katika picha, Kiswahili chauonyesha waziwazi katika sarufi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume huposa, mwanamke huposwa. Mwanamume hutongoza, mwanamke hutongozwa. Mwanamume huacha, mwanamke huachwa. Lugha nyingi za Kibantu zafanana na Kiswahili katika jambo hili, na mzungumzaji hulitumia bila ya kulifikiri. Mtu akisema kwamba mwanamke fulani "amemwoa" mumewe, wasikiaji hucheka, kwa kuwa wajua kwamba sarufi imepinduliwa ili mume afanyiwe dhihaka.

Yapasa hapa kuwa mwangalifu, isije hoja ikapita mpaka wake. Kauli ya kutendwa si kauli ya unyonge kwa asili. Mwanamke asemaye kwa furaha kwamba ameolewa hajitangazi kuwa mtumwa, na mtu aliyechaguliwa au aliyesifiwa ametajwa vile vile kwa kauli ya kutendwa. Tena lugha ina njia nyingine: watu wawili huoana, hupendana, huachana, na katika kauli hiyo ya kutendana hakuna aliye juu wala aliye chini. Kwa hiyo lugha haimlazimishi mtunzi. Humpa njia iliyo nyepesi, na mtunzi mvivu huifuata. Hapo ndipo lilipo lawama la sinema: katika milango mingi ambayo Kiswahili kinaifungua, watunzi wengi wamepita katika mmoja tu.

Tangu mwanzo sinema ya Afrika ya Mashariki imekuwa na picha na sauti zitokazo mahali mbali mbali. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham waliendesha huko Vugiri, Usambara, jaribio la kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35, juu ya kilimo, afya, kodi, akiba ya posta na mambo kama hayo, na maelezo yake yaliwekwa katika sahani za santuri ili yaweze kupigwa kwa lugha mbali mbali, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mtu aonekanaye katika picha hakusema mwenyewe, bali alisemewa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Johannesburg kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, na kijana Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alijulikana kwa watu kwanza kama mchezaji katika filamu ya Muhogo Mchungu. Waafrika walianza kusema wenyewe katika sinema, lakini desturi ya kusemewa haikufa.

Desturi hiyo ilipata nguvu mpya ilipokuja video. Katika vibanda vya Dar es Salaam alitokea fundi wa maneno, ambaye husimama au huketi kando ya picha na kuifasiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili huku ikiendelea. Mashuhuri kati yao ni Bwana Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, ambaye sanaa yake imeelezwa kwa kirefu na Bwana Matthias Krings katika kitabu chake cha mwaka 2015. Filamu zilizofasiriwa hivyo zilinakiliwa na kuuzwa hata vijijini. Mafundi hawa si wafasiri tu. Hueleza, huonya, hutania, hulinganisha mambo ya ugenini na mambo ya nyumbani, na kwa kazi hiyo ni ndugu wa wasimulizi wa ngano. Mtu asiyejua Kiingereza wala Kichina amefikiwa na hadithi za dunia kwa vinywa vyao, na yeyote awachekaye hana budi kwanza aeleze angewafikiaje watu hao kwa njia iliyo bora.

Walakini tazama linalompata mwanamke katika ufasiri huo. Kiswahili hakitengi mume na mke katika viwakilishi wala katika viambishi vya nafsi. "Yeye" ni mtu yeyote, na "alisema" ni kauli ya mtu yeyote. Katika maisha ya kawaida hiyo ni fadhila ya lugha. Katika kibanda, ambamo fundi mmoja mwanamume husema maneno ya watu wote, huzaa tatizo: msikiaji atajuaje ni nani asemaye? Fundi hulitatua kwa majina ya kuitana. Mwanamke huitwa mrembo, dada, mama, bibie, au demu, na kila moja la majina hayo lina hukumu ndani yake. Katika filamu ya asili mwanamke aweza kuwa wakili au askari aliyeitwa kwa jina lake, na katika Kiswahili cha kibanda akawa "mrembo" tu tangu mwanzo hata mwisho. Cheo chake kimepotea, na mahali pake umewekwa uso wake.

Liko jambo jingine, ambalo ni la ndani zaidi. Picha ikienda mbio, fundi hawezi kusema kila neno. Pengine husema kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba yeye ndiye mchezaji, na pengine husimulia kwa nafsi ya tatu. Chukua mfano wa sentensi nyepesi. Mchezaji amesema, "Siendi." Fundi aweza kusema "Siendi", au aweza kusema "Dada hapa anakataa kwenda." Sentensi ya pili si ya uongo, lakini ule uamuzi uliotoka kinywani mwa mwanamke umegeuka kuwa habari ya mwanamke itolewayo na mwanamume. Shujaa wa kiume aghalabu huhifadhiwa nafsi yake ya kwanza, kwa sababu fundi hufurahia kuunguruma kwa sauti ya shujaa. Mwanamke hupewa sauti nyembamba ya mzaha, au husimuliwa. Mtoto wa kike anayesikiliza mlangoni husikia mwanamke akionekana sana na kusema kidogo, na hata hayo machache hayamfikii kwa sauti ya mwanamke.

Kulinganisha kwaweza kulithibitisha jambo hili. Televisheni ya Azam ilipoonyesha tamthilia ya Kituruki ijulikanayo hapa kwa jina la Sultan, haikutumia fundi mmoja, bali iliwapa wasemaji wa Kiswahili, wanawake kwa wanaume, kila mmoja nafsi yake. Hurrem, aliyeingia jumba la Sultani kama mjakazi akapanda hadi kuwa mke wake, alisema kwa nafsi ya kwanza, kwa sauti ya kike, kwa Kiswahili fasaha. Yaweza kusemwa mengi juu ya hila zake, na pengine si mfano wa kuigwa. Lakini hila ni kitendo, na mwenye hila ana kitenzi.

Si kila filamu ya kigeni iliyomdhoofisha mwanamke hata kabla ya kufasiriwa. Filamu ya Kihindi Mother India, iliyotengenezwa na Mehboob Khan mwaka 1957, ilipendwa sana katika majumba ya sinema ya Afrika ya Mashariki. Ndani yake Nargis alicheza sehemu ya Radha, mkulima aliyebaki peke yake na watoto, mwenye kulima shamba lililozingirwa na deni la mkopeshaji, na ambaye mwishoni humpiga risasi mwanawe mwenyewe kwa kulinda heshima ya mwanamke mwingine. Wengi wa watazamaji hawakujua Kihindi, lakini waliijua jembe na walilijua deni. Radha huteseka, na mateso ni sehemu kubwa ya filamu, lakini ndani ya mateso hayo yeye hulima, hukataa, hulea na huamua. Yafaa ukumbukwe mfano huu kila inaposemwa kwamba watazamaji wa Afrika hawapendi mwanamke mwenye nguvu.

Sasa yafaa kuzitazama filamu za nchini. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na katika miaka iliyofuata filamu chache zilitengenezwa kwa shida kubwa ya fedha na vyombo. Mwanzoni mwa karne hii vyombo vya video vilipunguza gharama, na filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na marehemu George Tyson, huhesabiwa kuwa miongoni mwa zilizofungua biashara kubwa ya filamu za Kiswahili ziitwazo Bongo Movie. Jina lake lenyewe lafundisha. Kwanza ni neno la kigeni. Pili ni neno la uhusiano: mtu atajwaye ni rafiki wa kike wa mwanamume fulani, na bila ya mwanamume huyo neno halina maana. Hata filamu zilizo bora zimefuata desturi hiyo. Katika Harusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, mwanamke ametajwa kwa jina lake, lakini kinachotangulia ni harusi.

Katika biashara hiyo mpya zilizoea kuonekana sura tatu za mwanamke. Ya kwanza ni mwenye kulia: mke aliyeachwa, aliyepigwa au aliyedanganywa, ambaye hungoja hadi mwisho ili wema wake ulipwe. Ya pili ni mwenye kutamani mali, ambaye huharibu nyumba za watu na mwishoni huadhibiwa. Ya tatu ni jini, kama yule wa filamu ya Shumileta ya Bwana Mussa Banzi. Sura hii ya tatu ndiyo yenye funzo kubwa kwa mchunguzi wa lugha. Jini wa kike huchagua, hufuata, hutisha, huua. Amepewa vitenzi vyote vya kutenda ambavyo mke mwema amenyimwa, lakini ili avipate imembidi aache kuwa binadamu. Filamu za namna hii zaonyesha kwamba watunzi hawakukosa uwezo wa kumwaza mwanamke atendaye. Walimwaza, wakamwogopa, wakamfanya jini.

Lawama juu ya filamu hizo zimekuwa nyingi, na Bodi ya Filamu, yenye mamlaka ya kukagua kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, imekuwa ikitazamiwa na watu kulinda maadili. Lakini lawama za watu zimesimama zaidi juu ya sketi fupi na kitanda. Mkaguzi aweza kulifunika goti la mchezaji na filamu isibadilike hata kidogo, kwa kuwa mchezaji huyo huyo, sasa akiwa na vazi refu, bado analia, anapigwa, anasamehe na kungoja. Vazi lake ni la heshima, lakini kitendo chake ni kile kile. Mwenye kuyajali maadili kwa kweli hana budi kuuliza kama ni maadili mema kumfundisha binti kwamba wema wake utapimwa kwa kiasi cha mateso awezacho kuyameza.

Zipo filamu zilizoliona jambo hili. Katika Maangamizi, iliyoongozwa na Bwana Martin Mhando na Bwana Ron Mulvihill na kuandikwa na Bibi Queenae Taylor Mulvihill, Bibi Amandina Lihamba alicheza sehemu ya Samehe, mwanamke aliye katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye kwa miaka mingi hajasema neno. Filamu hiyo ndiyo iliyopelekwa na Tanzania mwaka 2001 kushindania tuzo ya Oscar kwa filamu za lugha za kigeni. Wengine wangeweza kuona kwamba mwanamke asiyesema ni mfano ule ule wa unyonge. Lakini hapa kunyamaza kumefanywa kuwa ndilo swali la filamu nzima: ni nini kilichomnyamazisha, na ni nani atakayemsikia? Zaidi ya hayo, jina lake ni kitenzi. "Samehe" ni amri, na filamu yauliza ni nani mwenye haki ya kumwamuru mwanamke aliyeumizwa kwamba asamehe, na kama kusamehe kwaweza kuwa kitendo cha nguvu badala ya kuwa kunyamaza kwa namna nyingine.

Mfano wa pili ni Vuta N'Kuvute ya Bwana Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, na ambayo mwaka 2022 ilipelekwa na Tanzania kushindania tuzo hiyo hiyo ya Oscar. Imetokana na riwaya ya Bwana Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, juu ya Unguja ya miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa mzee Raza. Neno "ameozwa" ni zito kuliko "ameolewa", kwa kuwa ndani yake mna mtu wa tatu ambaye ndiye mwenye kitendo. Kisha Yasmin hukimbia. Hukimbilia Ng'ambo, kwa Mwajuma, na hatima yake huungana na ya Denge, mpigania uhuru. Kutoka "kuozwa" mpaka "kukimbia" na "kupenda" ni safari ya sarufi kama ilivyo safari ya miguu. Hata jina la hadithi lafaa kuchunguzwa: lina vitenzi viwili, kimoja cha amri, kingine chenye nafsi ya kwanza na mtendwa wa nafsi ya pili. Kila mmoja huvuta, na kila mmoja huvutwa. Wala kwa Kiswahili haijulikani ni yupi mume na yupi mke. Pengine filamu hii, kwa kupenda mno uzuri wa mwanga na kuta za Mji Mkongwe, humsimamisha Yasmin kama picha ya kutundikwa pale ambapo riwaya humwacha aende na kusema. Ila hiyo ni ndogo mbele ya sifa zake, lakini yafaa itajwe, kwa kuwa yaonyesha jinsi jicho la kamera linavyoweza kurudi katika mazoea hata mtunzi akiwa na nia njema.

Kwa watu wa Itaka filamu iliyo karibu zaidi ni Fatuma ya Bwana Jordan Riber, ya mwaka 2018. Hapa mama mkulima na binti yake Neshia wamewekwa katikati, na shauri la filamu ni kazi ya shamba na haki ya kuyafaidi matunda yake. Shauri hilo si geni Mbozi. Katika nchi ya kahawa wanawake hupalilia, huchuma na hubeba, na siku ya malipo swali ni moja: fedha itatiwa mkononi mwa nani? Filamu hii imeyapa vitendo hivyo vya kila siku heshima ya kutazamwa polepole. Kulima, kubeba na kutwanga ni vitenzi vya kutenda ambavyo sinema nyingi huviacha nje ya picha, kana kwamba chakula hujipika chenyewe na mahindi hujivuna. Na Binti ya Bibi Seko Shamte, iliyotoka mwaka 2021 na kuandikwa na Bibi Angela Ruhinda, imewakusanya wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na mzigo wake wa ndoa, wa deni au wa uzazi. Jina la filamu lamtaja mwanamke kwa uhusiano, kama majina mengine, lakini hadithi yafanya kazi ya kumwondoa humo: binti wa mtu fulani aonekana mwishoni kuwa mtu kamili kwa nafsi yake.

Marekani hutumiwa mara nyingi kipimo kilichotokana na Bibi Alison Bechdel, mchoraji wa katuni, aliyekitoa mwaka 1985: je, filamu ina wanawake wawili, nao huzungumza wao kwa wao, juu ya jambo lisilokuwa mwanamume? Kipimo hicho ni chema kwa wepesi wake, lakini kwa sinema ya Kiswahili hakitoshi. Filamu nyingi za biashara zina wanawake wengi wazungumzao wao kwa wao, na waweza kuzungumza hata juu ya nguo, fedha na ushirikina, na bado hakuna mmoja wao mwenye uamuzi. Yafaa kuongezwa kipimo cha sarufi, chenye maswali manne. Mwanamke huyu huitwa kwa jina lake, au kwa jina la uhusiano na la sura tu? Husema kwa nafsi ya kwanza juu ya jambo kubwa la hadithi, au husimuliwa? Katika tukio linalogeuza hadithi, kitenzi chake ni cha kutenda au cha kutendwa? Na akitenda, huachiwa ubinadamu wake, au hufanywa jini na mdanganyifu ili apate kuadhibiwa? Mwanafunzi yeyote wa chuo aweza kuyatumia maswali haya akiwa na filamu, kalamu na daftari, na matokeo yake yatakuwa ushahidi ulio imara kuliko malalamiko juu ya sketi.

Yupo atakayesema kwamba kazi ya filamu ni kuburudisha, na kwamba mkulima aliyechoka hatafuti somo la sarufi. Ni kweli kwamba hatafuti. Lakini hata mlaji wa chakula hatafuti somo la tabibu, na chakula hufanya kazi mwilini mwake vile vile. Zaidi ya hayo, si kweli kwamba burudani na heshima ya mwanamke ni maadui. Mwaka 2018 Bwana Likarion Wainaina wa Kenya alitoa filamu ya Supa Modo, juu ya Jo, mtoto wa kike mwenye ugonjwa usioponyeka, mpenzi wa filamu za mashujaa. Katika kijiji chake kuna kibanda cha video, na mwenye kibanda ni fundi wa maneno kama wale waliokwisha kuelezwa. Kijiji kizima huungana kumtengenezea Jo filamu ambamo shujaa ni yeye mwenyewe. Filamu hiyo huwachekesha watu na kuwaliza, nayo imefahamu jambo ambalo wafanya biashara wengi hawajalifahamu: kwamba mtazamaji wa kike naye huingoja filamu ijayo, na katika kungoja kwake hujiona akiruka, akiokoa, akishinda.

Ikiwa ndivyo, ubao ulio nje ya kibanda cha Itaka si jambo dogo. Msichana apitaye mbele yake akitoka shule, au akitoka kuchuma kahawa, huisoma ahadi iliyoandikwa pale kwa Kiswahili ambacho mwalimu wake amemfundisha. Watengenezaji wa filamu wana deni kwake, na wataalamu wa lugha wana deni vile vile, kwa kuwa wao ndio waijuao kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa, nao wamewaachia wengine wazungumze juu ya sinema kana kwamba haina maneno. Kazi ya kukusanya matangazo, kunakili maneno ya mafundi wa vibanda kabla hayajapotea pamoja na kanda na santuri zake, na kuyahesabu matendo ya wanawake katika filamu za Kiswahili, ingali yangoja watu wa kuifanya.